Majarida ya Raphaeli Juu ya Turubai

Siku ya Jumatatu, ukungu ulipokwisha kuinuka juu ya mashamba ya Daa, Selina alitandaza turubai uani na kuyaanika majarida ya marehemu mume wake. Aliyapanga kwa mistari, kila moja likiwa limefunguliwa katikati ili jua lifike hadi kwenye pini za mgongoni, na kila baada ya muda aliinama akayageuza upande wa pili. Kuku walipokaribia, aliwafukuza kwa tawi la mkaratusi. Alikuwa na furaha. Kazi ile aliijua tangu utotoni, nayo ilikuwa ikienda vizuri.

Yalikuwa majarida ya katuni. Raphaeli, enzi za uhai wake, alikuwa karani katika shamba kubwa la kahawa, na kila aliposhuka Karatu mjini kununua mahitaji ya nyumbani, alirudi na toleo jipya ndani ya koti lake. Ndani ya majarida hayo mlikuwa na mlinzi mmoja mnene mwenye rungu, ambaye kila toleo alilala usingizi na kila toleo akaibiwa kitu kingine: mara taa, mara viatu vyake mwenyewe, mara geti zima na bawaba zake. Raphaeli alicheka peke yake kitini mpaka akafuta machozi. Selina, ambaye wakati huo hakuweza kusoma hata jina lake, aliliona geti likibebwa mabegani mwa wezi, naye akacheka kidogo ili kumfurahisha mumewe, bila kujua mlinzi alikuwa amesema nini.

Miaka ilipita, Raphaeli akafariki, na hakuna aliyeyakumbuka majarida yale isipokuwa Hilary, mtoto wao wa mwisho, ambaye sasa aliwaongoza watalii Ngorongoro na Engaresero. Mtu mmoja wa Arusha anayekusanya machapisho ya zamani alimweleza kwamba seti kamili, kuanzia toleo la kwanza hadi la mwisho, haipatikani tena madukani wala maktaba, na kwamba yeye alikuwa tayari kuinunua. Dada yake Cresensia na kaka zake walitaka iuzwe, wagawane. Hilary aliwaomba subira. Alikwisha kuzungumza na mwenye loji moja iliyo kwenye njia ya kwenda geti la Ngorongoro, naye alikubali kuyaweka majarida ukumbini, ndani ya kabati la kioo, chini ya jina la Raphaeli, na kuilipa familia kodi yake. Sharti la mwenye loji lilikuwa moja: yawe na bima. Yakipata bima, yatabaki kuwa mali ya ukoo. Yakikosa, yatauzwa. Ndugu wote walikubaliana hivyo, na Selina alikuwapo walipokubaliana.

Kabla ya kuondoka na wageni kwenda Engaresero, Hilary alimletea mama yake boksi gumu lenye mfuniko. Kila jarida lilikuwa limelala ndani ya mfuko wake mwembamba wa plastiki.

"Aayo," alisema, kwa namna Wairaqw wanavyomwita mama, "afisa wa bima atakuja Alhamisi kuyakagua, nami nitakuja naye. Mpaka siku hiyo yawe makavu, yasiingie mdudu, yasiingie hewa yenye unyevu. Basi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Una swali lolote?"

Selina alikuwa na swali. Maneno yale aliwahi kuyasikia, tena kwa mpangilio ule ule, kutoka kwa bwana shamba aliyewafundisha kuhifadhi mahindi: yawe makavu, yasiingie mdudu, yasiingie hewa. Alitaka kuuliza kama karatasi nayo hukaushwa kama mahindi. Lakini wiki chache nyuma, katika sherehe ya darasa la kisomo cha watu wazima, alikuwa amesimama mbele ya wageni akasoma ukurasa mzima bila kukwama, na Hilary alikuwa amemrekodi kwa simu ili awaoneshe watalii wake: huyu ni mama yangu. Isitoshe, Selina ndiye aliyekuwa kiranja wa darasa. Mtu aliyepigiwa makofi kwa sababu ya kusoma, aliwaza, atamuulizaje mtoto wake namna ya kutunza karatasi?

"Sina swali," alijibu.

Jumapili, baada ya ibada, alifunua boksi ili ahakikishe tu. Juu ya jalada la kwanza alimwona mdudu mdogo mwembamba, wa rangi ya majivu, akikimbilia gizani. Katika Daa, mtu anayeona mdudu mmoja juu ya gunia hangoji kumwona wa pili. Akaitoa mifuko ya plastiki yote, maana kila mkulima anajua kwamba nafaka iliyofungwa katika nailoni kabla ya kukauka hutoa jasho na kuoza, na kesho yake akatandaza turubai.

Jirani yake Brigita alipitia uani jioni akitoka kukata majani ya ng'ombe.

"Saita, mama Hilary. Leo umevuna magazeti?"

"Saita. Nimevuna, na yamekubali. Njoo unishikie mfuko."

"Yanazaa gunia ngapi kwa eka?" Brigita aliuliza akitua mzigo wake, na wote wawili wakacheka.

Walifanya kazi kwa pamoja. Brigita alishika mdomo wa mfuko wa kuhifadhia nafaka, ule mpya wenye tabaka za plastiki ndani usiopitisha hewa. Selina alipanga majarida machache chini, akanyunyiza juu yake dawa ya unga ya kuzuia fukusi na dumuzi, akapanga mengine, akanyunyiza tena. Hakuzidisha kipimo. Alipomaliza aliukamua mfuko utoe hewa, akausokota mdomo na kuufunga kwa kamba ya katani mpaka mikono ikamuuma.

"Hapo hata wewe mwenyewe huingii," alisema Brigita.

Jumatano, darasani, mwalimu Edson aliwauliza wanakisomo elimu imewasaidia nini nyumbani. Selina alisimama, akaeleza kwamba mwanawe amemkabidhi mali ya bima, na kwamba ameihifadhi kwa utaalamu. Alilitamka neno utaalamu taratibu, kwa sababu lilikuwa jipya kwake. Mwalimu Edson akasema, "Mpigieni makofi kiranja wenu." Wakampigia.

Alhamisi gari la Hilary liliingia uani saa za asubuhi, likiwa na vumbi jekundu hadi kwenye vioo. Akashuka pamoja na msichana mwenye miwani na mkoba begani.

"Shikamoo, mama. Naitwa Natalia, natoka ofisi ya bima Arusha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Karibuni ndani."

Brigita alikuwa amekwisha kufika na kuketi, ingawa hakuna aliyemwalika. Selina alimimina chai ya maziwa, akaweka viazi vitamu mezani, kisha akaenda chumbani na kurudi akiuburuta mfuko mweupe. Akausimamisha katikati ya sebule kwa fahari, kama mtu anayemsimamisha ndama bora mbele ya mnunuzi.

Hilary aliutazama. "Boksi liko wapi, Aayo?"

"Boksi lilikuwa na mdudu. Humu ni salama zaidi."

Alimwona mwanawe akiinamia kamba, na alimwona akisita, pua yake imesogea karibu na mdomo wa mfuko. Harufu ile ile iliyokuwa ikitoka katika ghala la kila nyumba ya Daa ilikwisha kumfikia. Uso wake ulibadilika kabla kamba haijafunguka.

Natalia ndiye aliyeingiza mkono. Alipotoa jarida la kwanza, unga ulipanda hewani, akapiga chafya, kisha akapiga nyingine, akaenda dirishani na kulifungua. Alirudi akiwa amevaa glavu na barakoa kutoka mkobani. Akayatoa majarida moja baada ya jingine na kuyalaza mezani. Koti la mlinzi mnene, ambalo siku zote lilikuwa jekundu la kuwaka, lilikuwa limepauka likawa na rangi ya nyama iliyochemshwa. Majalada yalikuwa yamejikunja pembeni. Unga mweupe ulikuwa umekaa kwenye mikunjo, na pale wino ulipopata joto la jua, unga ulikuwa umegandamana nao.

Selina aliyatazama kwa macho ya mgeni yule, na kwa mara ya kwanza akaona alichokifanya. Siku ya Jumatatu alikuwa ameiona rangi nyekundu ikififia, na alikuwa amejiambia kwamba ni dalili ya kukauka.

"Haya yameanikwa juani," alisema Natalia. "Halafu yakatiwa dawa ya mahindi. Nani amefanya hivi? Mtu huyu alifikiri anaweka akiba ya njaa?"

Brigita alicheka, akakatiza kicheko katikati.

Selina alikuwa ameshika birika. Alijua kwamba sasa ndipo panapotakiwa jina lake. Aliikumbuka sauti ya makofi ya jana yake, na ghafla ikawa sauti mbaya kuliko zote alizopata kuzisikia.

"Ni mimi," alisema Hilary.

"Wewe, kaka Hilary?"

"Mimi. Niliona mdudu, nikaogopa."

Natalia aliivua miwani yake akaifuta unga. "Mimi mwenyewe nilikueleza kwa simu. Nilikuambia jua ni adui, na dawa yoyote ni adui. Ukanijibu umeelewa. Sasa niandike nini? Mali kuharibika kidogo ni jambo linalotengenezeka. Mwenye mali anayejua masharti akayavunja makusudi, huyo siwezi kumpendekeza ofisini. Nisamehe."

"Naelewa," alisema Hilary, akitazama sakafu.

"Ngoja nipige picha chache, kisha tuondoke. Nimeiacha kamera garini."

Alipotoka, sebule ilibaki na watu watatu. Hilary hakumtazama mama yake. Alikuwa akiyapanga majarida upya, taratibu, kwa mpangilio wa matoleo, ingawa mpangilio haukuwa na faida tena. Selina alitamani mwanawe amwambie jambo, hata la ukali.

Brigita alimvuta Selina kwa ncha ya kitenge. "Nyamaza," alimnong'oneza. "Mtoto akikubebea mzigo, usimpokonye njiani. Yule msichana anarudi Arusha. Nani atajua?"

"Yatauzwa, Brigita."

"Yauzwe. Si makaratasi? Aibu ya mama kijiji kizima kitaila na chumvi."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo sababu lilimchoma. Selina alipima. Akinyamaza, atabaki kiranja, na Hilary atabaki mtu mzembe katika kumbukumbu za ofisi ya watu. Majarida ya Raphaeli yatakwenda kwa mtu wa Arusha kwa bei ya mali iliyoharibika, na Cresensia atasema alijua tangu mwanzo. Akisema, hatakuwa na mahali pa kuuweka uso wake, si hapa sebuleni tu bali hata darasani, maana Brigita hakuwa mtu wa kulala na habari tumboni. Aligundua kwa uchungu kwamba alikuwa bado anapima. Mwanawe hakuwa amepima hata kidogo.

Natalia aliporudi na kamera, Selina aliliweka birika chini.

"Mwanangu, usiandike jina la Hilary. Ni mimi niliyeyaanika. Ni mimi niliyetia dawa. Yeye alikuwa Engaresero na wageni."

"Aayo, acha," alisema Hilary.

"Siachi. Alinikabidhi, akaniambia yawe makavu, yasiingie mdudu wala hewa. Mimi nikafanya ninavyofanya mahindi."

Natalia aliishusha kamera. Kwa muda alionekana msichana mdogo kuliko alivyokuwa alipoingia, na shingo yake ilibadilika rangi, kwa kuwa alikumbuka maneno yake kuhusu akiba ya njaa. Kisha akauliza swali ambalo Selina alikuwa akiliogopa kuliko yote, akaliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza.

"Mama, kwa nini hukumuuliza?"

"Niliona aibu. Mimi ni kiranja wa kisomo."

Hakuna aliyecheka, hata Brigita. Selina angependa wacheke.

"Mama angeuliza nini?" alisema Hilary ghafla, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Mimi ndiye niliyemwambia nusu. Wewe uliniambia jua ni adui, mimi sikumwambia. Nilikuwa na haraka. Wageni walikuwa wananingoja."

"Basi umenipa kazi ya pili," alijibu Natalia, "kwa sababu mwenye mali amenidanganya nikiwa nimeketi kwenye kiti chake, nakunywa chai yake."

Hilary aliinamisha kichwa. Selina, aliyedhani kwamba aibu yake ilikwisha kufika mwisho, aliona kuwa mwisho haujafika: mtoto wake alikuwa akiaibishwa kwa uongo alioutunga kwa ajili yake.

Natalia aliketi akamaliza chai yake. Kisha akasimama na kuanza kuyatenga majarida katika mafungu mawili. Yale yaliyokuwa ukingoni mwa turubai, kwenye kivuli cha ukuta, yalikuwa na unga tu, na unga, alisema, hutoka kwa brashi laini, nje ya nyumba, kwa mtu aliyeziba pua na mdomo na kunawa baadaye. Yale yaliyopauka hayarudi.

"Nitaandika nilichokiona na nilichoambiwa, yote mawili," alisema. "Fungu hili nitaliombea bima ya moto na wizi. Fungu lile siwezi. Seti kamili haipo tena, na thamani yake haitakuwa ile. Ofisi ndiyo itakayoamua. Ila ninahitaji jina la mtunzaji. Mtu anayekaa yalipo, anayejua masharti yote. Kaka Hilary, wewe husafiri kila wiki. Nani?"

Lilikuwa swali jepesi, na watu wote waliokuwamo walijua jibu lake lilipaswa kuwa nani. Hilary alimtazama mama yake kwa mara ya kwanza tangu mfuko ulipofunguliwa.

"Baba mdogo Leonce," alisema hatimaye. "Yuko Karatu mjini. Ana chumba chenye dari na kabati la chuma."

"Ni sawa," alisema Selina haraka, ili asimwache peke yake na maneno yale. "Leonce ni mtu makini."

Majarida yote yakarudishwa ndani ya boksi lile la Hilary, na Selina mwenyewe akalibeba hadi garini. Hakuna aliyempokea, na hakutaka apokewe.

Wiki zilizofuata, Selina alikwenda darasani kama kawaida. Habari ilikuwa imemtangulia. Wanawake wawili wa dawati la nyuma waliulizana kwa sauti kama daftari nalo huanikwa kabla ya mtihani. Selina alisimama akamwomba mwalimu Edson amteue kiranja mwingine. Mwalimu alikataa. Alitamani angekubali, kwa kuwa sasa kila alipofuta ubao alihisi macho ya watu mgongoni mwake.

Kisha Hilary alirudi kutoka Engaresero. Alisimamisha gari nje ya ua, akaingia akiwa amebeba boksi lile la zamani mikononi.

"Ofisi imekubali," alisema akiketi. "Si kwa thamani ya mwanzo. Mwenye loji ameyachukua hivyo hivyo, pungufu. Jina la baba limeandikwa juu ya kabati, kwa herufi kubwa. Dada Cresensia amesema basi, yabaki."

"Mungu ashukuriwe," alisema Selina, na hakuuliza Cresensia alikuwa amesema nini kingine.

Hilary aliliweka boksi mezani, akafunua. Ndani yalilala majarida yaliyopauka, yamepigwa brashi mpaka yakaisha harufu, kila moja ndani ya mfuko wake mwembamba. Juu kabisa mlinzi mnene alikuwa amelala na rungu lake, koti lake lina rangi ya nyama iliyochemshwa.

"Haya bima imeyakataa. Nimekuletea wewe. Sasa unaweza kuyasoma, Aayo. Haya hayawezi kuharibika tena."

Hakuyasema kwa ubaya. Selina alilijua hilo, kwa sababu alikuwa akimtazama usoni. Hata hivyo maneno yale yalimwingia, yakakaa. Alikuwa amepewa kile ambacho mtu yeyote angeweza kupewa, kwa kuwa hapakuwa na kitu tena cha kupoteza. Alinyoosha mkono kulichukua jarida la kwanza, akasita kabla ya kuligusa.

"Hilary."

"Naam, Aayo."

"Niyaweke wapi?" aliuliza. Uso ulimwaka moto, lakini hakuyaondoa macho. "Niambie yote. Na juu ya unyevu, uanzie mwanzo, kwa sababu mara ile sikuelewa."

Hilary alivuta kiti karibu na cha mama yake, akaanza kumweleza.